Kiumbe Kipya Katika Orodha ya Sayansi: Maana Yake na Taratibu Zake

Husikika mara kwa mara katika taarifa za habari kwamba wataalamu wamegundua mnyama au mmea mpya katika misitu ya nchi za joto. Aghalabu wananchi huuliza, nao wana haki ya kuuliza: mpya kwa nani? Mkulima wa Pemba ambaye tangu utotoni amewaona popo wakubwa wakining'inia juu ya miti hawezi kukubali kwamba mgeni aliyeshuka bandarini juzi ndiye aliyewagundua. Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo kwa watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla, kwa kuwa linagusa mali yetu na pia linagusa kazi zetu za kila siku.

Yafaa ieleweke tangu awali kwamba neno "mpya" halina maana kuwa kiumbe hicho kimezuka jana, wala kuwa wenyeji hawakukijua. Maana yake ni kwamba kilikuwa hakijapata kuelezwa kwa maandishi kwa mujibu wa kanuni za kimataifa na kupewa jina la kisayansi la maneno mawili, la kwanza likiwa la jenasi na la pili la spishi yenyewe. Utaratibu huo uliwekwa na mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus. Kwa mimea hesabu huanzia kitabu chake cha mwaka 1753, na kwa wanyama huanzia kile cha mwaka 1758. Majina yaliyotangulia hapo hayahesabiwi, hata yakiwa mazuri namna gani.

Visiwa vyetu vimo katika orodha hiyo kwa muda mrefu. Kima punju alielezwa mwaka 1868 na John Edward Gray wa London, akapewa jina la Dk. John Kirk wa ubalozi wa Uingereza hapa Unguja. Popo wa Pemba alielezwa mwaka 1909 na Paul Matschie, jina likatokana na Alfred Voeltzkow, msafiri wa Kijerumani. Paa nunga alifuata mwaka 1918, naye akachukua jina la Dk. W. M. Aders, aliyekuwa mwanabiolojia wa Serikali ya Zanzibar wakati huo. Msomaji ataona kwamba katika majina hayo hamna hata mwindaji mmoja wa Kusini Unguja wala mvuvi wa Micheweni, ilhali ni watu wa namna hiyo waliojua mnyama gani analala wapi na anatoka saa ngapi. Kanuni hazikukataza kuwataja. Ni mazoea ya zama zile tu.

Ndege wa Pemba wana habari yao ya pekee, na inafaa tuisimulie kwa kirefu kidogo kwa sababu inamhusu mtumishi wa Serikali. Ndege wanne wanahesabiwa kuwa hawapatikani popote duniani isipokuwa Pemba. Wawili kati yao, bundi mdogo na ninga wa kijani, walielezwa na R. H. W. Pakenham, aliyekuwa afisa wa utawala wa kikoloni katika visiwa hivi. Kazi yake ilikuwa ya ofisini, ya mafaili na mashauri, hakuwa mtu wa makumbusho. Hata hivyo aliandika kila alichokiona na kukisikia katika safari zake, na mwaka 1937 akamtangaza bundi huyo kwa jina la Otus pembaensis. Ninga alimtangaza mwaka 1940. Baadaye wataalamu wengine walidai kwamba bundi wa Pemba ni tawi tu la bundi wa Madagascar, wakamwondolea hadhi ya spishi. Mjadala ulipofunguliwa upya, sauti yake ilikuwa miongoni mwa hoja zilizomrudishia hadhi hiyo, kwa kuwa bundi wa jamii hii hufanana mno kwa manyoya lakini kila mmoja ana mlio wake.

Kuna bundi mwingine wa jenasi hiyo hiyo anayestahili kutajwa hapa. Katika kisiwa kidogo cha Príncipe, upande wa pili wa Afrika, wakaazi walikuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba msituni mna bundi. Wataalamu walimthibitisha mwaka 2016 na kumtangaza mwaka 2022 kwa jina la Otus bikegila. Bikegila ni lakabu ya mlinzi wa hifadhi wa kisiwa hicho, aliyewaongoza watafiti. Mazoea yale ya zamani, basi, yameanza kubadilika.

Tuje kwenye utaratibu wenyewe. Kiumbe kikishapatikana, kwa kibali, huhifadhiwa kimoja kiwe kielelezo rasmi, yaani kile ambacho jina litafungamana nacho daima. Huwekwa katika makumbusho, au katika hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ili kila mwenye shaka aweze kwenda kukitazama. Kisha hulinganishwa na vielelezo vyote vya jamaa zake vilivyokwisha kupewa majina, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, maana vielelezo hivyo vimetawanyika London, Berlin, Nairobi na kwingineko. Miaka kumi si mingi kwa kazi hiyo. Ikiwa mtu mwingine alitangulia kukitaja, jina lake la zamani ndilo linaloshinda. Maelezo huchapishwa hadharani, na kwa upande wa mimea, hadi mwisho wa mwaka 2011, sharti maelezo mafupi yaandikwe kwa Kilatini.

Je, picha inatosha badala ya mwili? Suala hili lilizusha ubishi mkubwa hapa Tanzania. Wawindaji wa Kinyakyusa waliwaeleza watafiti habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji, na baadhi ya watafiti wakadhani ni hadithi tu. Alionekana katika misitu ya Rungwe mwaka 2003, na katika Milima ya Udzungwa mwaka 2004, akatangazwa mwaka 2005 kwa kutegemea picha. Baadaye mnyama mmoja alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima shambani. Mwili huo ndio uliowezesha kufanyika uchunguzi wa kina, na mwaka 2006 akawekewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Jina la wenyeji limebaki katika jina la kisayansi.

Huenda mtumishi akauliza, haya yote yanamhusu nini mtu wa ardhi, wa ujenzi au wa maji? Jawabu liko Kihansi, katika Milima ya Udzungwa. Mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umekwisha kuanza, wataalamu walikuta katika korongo la maporomoko chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyetaga mayai bali huzaa watoto walio hai. Eneo lake lote lilikuwa kiasi cha hekta mbili, na uhai wake ulitegemea rasharasha za maji ya maporomoko. Alitangazwa mwaka 1999 kwa jina la Nectophrynoides asperginis. Lakini tathmini ya mazingira ilikuwa imefanywa kabla jina lake halijakuwepo, na kisichokuwa na jina hakiwezi kuandikwa katika ripoti. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo, na korongo likakauka. Zikawekwa bomba za kunyunyizia maji, na vyura 499 wakapelekwa Marekani kulelewa. Mwaka 2003 waliosalia Kihansi waliangamia kwa kasi, ugonjwa wa ukungu ukiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa, na mwaka 2009 spishi hiyo ikatangazwa kuwa imetoweka porini. Vizazi vya wale 499 vilianza kurejeshwa nchini mwaka 2010, na katika korongo lao mwaka 2012. Gharama ya kurejesha ni kubwa kuliko ya kuchunguza mapema. Tuna misitu ya maweni hapa Unguja na Pemba ambayo wadudu, konokono na mijusi yake hawajachunguzwa ipasavyo, na viwanja vinapimwa humo.

Lipo pia la chui wa Unguja. Alipewa jina la peke yake mwaka 1932, Panthera pardus adersi. Mwaka 1996 uchunguzi wa nasaba za chui ulimjumuisha pamoja na chui wengine wa Afrika. Wakati huo jina likijadiliwa vitabuni, mnyama mwenyewe alikuwa haonekani tena. Popo wa Pemba, kwa upande mwingine, alikuwa karibu kwisha mwishoni mwa miaka ya 1980. Wananchi wa Kidike na kwingineko wakaamua kumlinda, na hesabu ya mwaka 2007 ilipita 20,000.

Kwa hiyo wananchi wanaombwa wazingatie yafuatayo. Atakayekuta mnyama, samaki au mmea asioufahamu asiuue wala asiung'oe kwa ajili ya kuuonyesha. Apige picha kama anaweza, atie alama mahali alipouona, kisha amwarifu Sheha wake au Afisa wa Misitu wa Wilaya, na kwa viumbe vya baharini Afisa wa Uvuvi. Ataje na jina la kienyeji, maana hilo mara nyingi ndilo ufunguo. Mgeni yeyote anayekusanya majani, wadudu au wanyama aombwe kuonyesha kibali cha Serikali, kwani maliasili za misitu zinalindwa na Sheria Nam. 10 ya 1996. Asiyekuwa nacho asisaidiwe hata akilipa vizuri. Mwenye kibali asaidiwe, na aulizwe kwa upole ni vielelezo vingapi atakavyoviacha hapa Zanzibar.

Kiumbe kikikutwa kimekwisha kufa, kitiwe katika spiriti au kikaushwe kivulini, pamoja na karatasi yenye mahali, tarehe na jina la aliyekiokota. Karatasi hiyo iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka katika spiriti, na kielelezo kisichojulikana kilikotoka hakina thamani kwa mtafiti.