Kobalti yetu, magari yao: tujifunze nini kwa chama cha Norway?



Jumamosi iliyopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba, mwenzetu mmoja anayeosha mawe mtoni alitupatia swali. Mtoto wake wa miaka tisa alimuuliza: "Mama, haya mawe yanaenda wapi?" Alimjibu kwamba yanaenda kwa wanunuzi. Mtoto akasema: "Na kisha?" Hapo mama akakosa jibu. Na sisi wote, watu wa Kolwezi tunaolala juu ya kobalti kila usiku, tukabaki kutazamana.

Juma hili basi tumeifuata ile njia ya mawe mpaka mwisho wake. Imetufikisha mbali sana, mpaka kwenye chama cha watu kama sisi.

Mawe yanaenda wapi?

Kobalti inayotoka katika udongo wa Kongo ni zaidi ya theluthi mbili za kobalti yote inayochimbwa duniani. Ikitoka Lualaba inapitishwa viwandani, inakuwa unga, inapakiwa kwenye malori, inavuka mpaka mpaka bandarini. Sehemu kubwa inakwenda China kusafishwa. Kisha inaingia ndani ya betri: za simu, za kompyuta, na hasa za magari ya umeme. Betri ya simu inataka gramu chache tu. Ya gari inaweza kutaka kilo kadhaa, kufuatana na aina yake.

Gari la umeme halina tangi la esanse wala bomba la moshi. Chini ya viti kuna betri kubwa, na betri inazungusha mota. Usiku mwenye gari anachomeka waya ukutani, kama sisi tunavyochaji simu kabla ya delestaji.

Chama kilichoanza na watu wachache

Nchi iliyotangulia zote kwa magari haya ni Norway, huko kaskazini ya Ulaya, kwenye theluji. Jambo lilianza kama mchezo. Mwaka 1989 waimbaji wawili wa kundi la a-ha, Morten Harket na Magne Furuholmen, pamoja na watetezi wa mazingira Frederic Hauge na Harald Røstvik, walileta Fiat Panda ndogo iliyogeuzwa kuwa ya umeme. Wakapita nayo kwenye vizuizi vya barabara bila kulipa, makusudi, wakisema gari lisilotoa moshi lisitozwe. Wakaandikiwa faini juu ya faini. Gari likakamatwa, likauzwa kwa mnada. Walioligomboa ni wao wenyewe, kwa pesa kidogo tu.

Watu walicheka. Lakini mwaka 1995 wapenzi wa magari hayo wakaanzisha chama, Norsk Elbilforening, maana yake chama cha gari la umeme cha Norway. Wakati ule magari yenyewe yalikuwa madogo, hayakwenda mbali, na baridi iliyamaliza nguvu haraka. Wenye nayo walihitajiana. Walipeana habari: wapi pa kuchaji, fundi gani anajua kazi, betri ikichoka ufanye nini.

Hawakuishia hapo. Waligonga mlango wa serikali mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1997 magari ya umeme yakaachwa kupita vizuizi bila kulipa. Mwaka 2001 yakaondolewa kodi ya mauzo. Baadaye yakaruhusiwa kupita kwenye njia za basi. Leo chama kina wanachama zaidi ya 100,000. Kila mwaka kinawauliza maswali, na majibu yao kinayapeleka kwa wakubwa. Mwaka 2024, katika kila magari mapya 100 yaliyouzwa Norway, karibu 89 yalikuwa ya umeme tupu.

Si kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Waliofaidika kwanza ni wenye pesa, wengine wakinunua gari la pili la nyumba. Njia za basi zikajaa magari, madereva wa basi wakalalamika, na mahali fulani ikawekwa sheria kwamba saa za msongamano dereva asipite peke yake. Tena Norway hiyohiyo inauza petroli yake nchi za nje.

Tunafanana, na hatufanani

Kuna jambo lililotuuma. Umeme wa Norway karibu wote unatoka kwenye maji. Wetu pia. Nzilo na Nseke ziko hapa kwetu Lualaba. Mto mmoja unazungusha mashine, lakini nyumbani tunapika kwa makala juu ya mbabula, na mtoto anasoma somo lake kwa mshumaa. Udongo wetu unasafirisha familia za Oslo, na sisi tunakwenda sokoni kwa miguu.

Hatusemi hivi kwa kijicho. Mama wa Oslo anayependa hewa safi kwa watoto wake hana kosa. Anapenda kile tunachopenda sisi. Lakini hewa yake isisafishwe kwa maji yetu machafu.

Na huko Oslo jambo hili lilisemwa wazi. Mwezi wa 3 mwaka 2019, kwenye mkutano mkubwa wa magari ya umeme, Kumi Naidoo, aliyekuwa katibu mkuu wa Amnesty International, alisimama mbele ya wenye viwanda akawataka watengeneze betri safi kweli, isiyo na jasho la watoto, katika miaka mitano. Miaka mitano iliisha 2024. Sisi tunaoshuka mtoni tunajua tunawaona akina nani ndani ya maji.

Je, waache kununua?

Vijana wengine wanasema: basi, wasinunue kabisa kobalti yetu! Wamama, tufikiri polepole. Kuna betri zinazotengenezwa kwa chuma na fosfati, hazina kobalti hata kidogo, na magari mengi ya China yanazitumia. Bei ya kobalti iliposhuka sana, serikali ilizuia isitoke nje mwezi wa 2 mwaka 2025, na tangu mwezi wa 10 inatoka kwa kipimo. Kila mmoja wetu aliona namna mfuko wa unga ulivyokuwa mzito kununua. Wakituacha, njaa ni yetu. Wakinunua bila kuuliza, ugonjwa ni wetu pia. Tunachotaka ni wanunue na waulize: nani aliosha, alilipwa ngapi, na mtoto wake yuko masomoni au mtoni?

Na sisi tufanye nini?

Wale wa Norway hawakuanza na pesa nyingi. Wamekuwa wakikusanya majibu ya wanachama na kuyapeleka mahali pamoja bila kuchoka. Kazi hiyo sisi tunaiweza, kwa kalamu na daftari.

Jumamosi hii, kila mama anayeosha, anayepepeta au anayebeba mawe aje na majibu ya mambo manne: analipwa ngapi kwa mfuko, nani anapima, na kwa mizani ya nani, ngozi, macho na mimba yake viko namna gani, na watoto wangapi wa nyumba yake wameacha masomo. Majina hatutaandika. Asiyejua kuandika, binti zetu watamwandikia. Daftari likijaa tutalipeleka kwanza kwa mkuu wa kartie, kisha kwa idara ya mines, na nakala tutaituma kwa chama kile cha Norway. Wao wanajua kuuliza wenye viwanda, na wenye viwanda wanawasikiliza kwa sababu ndio wanunuzi.

Mwenzetu alirudi nyumbani na jibu la binti yake. Alimwambia: "Mawe yanakwenda kuendesha magari ya watu wa mbali." Mtoto akafikiri, akauliza: "Wanatujua?"

Bado, mwanangu. Tunaandika.