Vipigo 28 vya Detroit na Kijana wa Safu ya Kwanza

Huenda wasomaji wetu wakashangaa kuuona ukurasa huu, uliozoea kuzungumzia malezi na mirathi, leo wasimulia habari za mpira wa kikapu wa Marekani. Nasi pia twashangaa. Hatukuwa na haja na mchezo huo mpaka Desemba ya mwaka 2023, ulipotufuata hadi msikitini.

Hapa kwetu Dabaso palikuwa na kijana, mwendeshaji bodaboda, aliyeanza ghafla kuwahi swala ya alfajiri kabla hata ya muadhini. Kila tukiingia twamkuta safu ya kwanza, ameegemea nguzo, macho mekundu. Tulifurahi mno. Tukamtaja kwa wema katika darsa mbele ya wenziwe, tukawaambia vijana wamwige. Kumbe hakuwa amelala kamwe! Mechi inayoanza saa moja ya jioni mjini Detroit, majira hayo ya baridi yao, huku kwetu huwa ni saa tisa ya usiku. Ikimalizika, adhana i karibu. Alikuwa akitoka kwenye simu moja kwa moja hadi msikitini.

Timu aliyokuwa akikesha nayo ni Detroit Pistons. Si timu ya vichochoroni: imewahi kutwaa ubingwa mwaka 1989, 1990 na 2004. Mji wenyewe nao una ndugu zetu wengi. Hamtramck, ulio ndani ya Detroit kama kisiwa, una Wayemeni wengi, na mwaka 2021 ulichagua baraza la mji ambalo wajumbe wake wote ni Waislamu. Lakini turejee uwanjani.

Msimu wa 2023-24 Detroit ilianza kwa matumaini. Ilikuwa imemwajiri kocha Monty Williams kwa mkataba wa miaka sita wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 78. Katika mechi tatu za mwanzo ilishinda mbili. Kisha tarehe 30 Oktoba ikashindwa, na tangu hapo mlango ukafungwa. Novemba nzima ikapita bila ushindi hata mmoja. Tarehe 26 Desemba, nyumbani kwao, kijana wao hodari Cade Cunningham alifunga pointi 41 peke yake, na bado Brooklyn Nets wakaondoka na ushindi wa 118 kwa 112. Hicho kilikuwa kipigo cha 27 mfululizo, rekodi mbaya kuliko zote katika msimu mmoja wa ligi hiyo. Washabiki wakapiga kelele wakimtaka mwenye timu aiuze. Siku mbili baadaye, ugenini Boston, waliongoza hata kwa pointi 21, nusu ya kwanza ikaisha wakiwa mbele 66 kwa 47. Wakafikiwa, wakaingia muda wa ziada, wakashindwa 128 kwa 122. Cha 28.

Sasa tumfuate kijana wetu. Mpaka kipigo cha 14 alikuwa akitazama tu, kama mtu atazamavyo ajali ya barabarani. Hapo ndipo alipopiga hesabu yake: haiwezekani timu ya watu wazima wanaolipwa mamilioni ishindwe tena na tena, lazima zamu yao i karibu. Akaweka shilingi 50 kwenye simu, kwamba Detroit watashinda. Wakashindwa. Akaweka 100. Wakashindwa. Akaweka 200, akiamini kwamba ushindi mmoja utarejesha vyote vilivyotangulia. Twaomba msomaji achukue kalamu, kwa sababu sisi wenyewe hatukuamini mpaka tulipoandika. Anayeanza na 50 na kuongeza maradufu kila anaposhindwa, mara ya kumi huweka 25,600, na jumla ya aliyokwisha kupoteza hufika 51,150. Kijana alifilisika katika kipigo cha 24. Fedha zile zilikuwa za mahari.

Usiku wa kuamkia 31 Desemba, Detroit waliwashinda Toronto Raptors 129 kwa 127. Kijana hakuwa na hata shilingi ya kuweka.

Alitueleza haya barazani, baada ya Isha, kichwa ameinamisha. Tukamuuliza, «Mwanangu, kwani hukujua hukumu ya kamari?»

«Nalijua, maalim. Lakini nalidhani zamu yao imefika.»

Hukumu aliisikia kwetu tangu akiwa chuoni, kwamba katika Suratul Maida kamari imewekwa pamoja na ulevi. Hilo hatukulirudia. Lililotushughulisha ni neno lake «zamu», kwa kuwa ndilo linalowanasa wengi wasiojihesabu kuwa wacheza kamari. Mpira haukumbuki jana. Vipigo 20 havimuandalii mtu ushindi wa 21. Timu ikishindwa hivyo, dalili ni kwamba ina udhaifu wa kuishinda tena.

Hata wenyewe Detroit walionja jambo hilo. Katika ligi yao timu dhaifu hupewa nafasi kubwa zaidi kwenye kura ya kuchagua wachezaji wapya. Msimu ule ulipoisha walikuwa wameshinda mechi 14 na kushindwa 68, wa mwisho kabisa, kama walivyokuwa wa mwisho mwaka uliotangulia. Kura ikawapa nafasi ya tano, mara ya tatu mfululizo. Na kura yenyewe si dhamana: Hasheem Thabeet, mwana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili mwaka 2009, mbele ya wengi waliokuja kumpita mbali.

Kilichowainua ni kazi. Kocha aliondolewa, akaletwa J. B. Bickerstaff, na vijana wengi wakabaki wale wale, Cunningham akiwa mbele. Msimu uliofuata walishinda mechi 44, zaidi ya mara tatu ya zile 14. Twawataja pia vijana wetu wa Nairobi City Thunder, klabu ya kwanza ya Kenya kuingia Ligi ya Kikapu ya Afrika, waliokwenda Kigali Mei 2025, wakashindwa mara nyingi kuliko walivyoshinda, na wakarejea bila kufika Pretoria. Tuliwasikia watu wakiwacheka. Sisi hatukucheka.

Kijana wetu, wazee wa pande zote mbili walikaa, harusi ikaahirishwa. Tulimwomba radhi mchumba wake kwa sifa tulizommwagia mwenziwe darsani, naye akatusamehe kwa tabasamu la mtu asiyesamehe moja kwa moja. Miezi mingi kijana alibeba samaki wa Watamu na abiria wa Gede, fedha akiziweka kwa mjombake. Ameoa.

Siku hizi alfajiri huja wa mwisho, mbio, kofia mkononi, uso umevimba usingizi. Husimama safu ya nyuma.