Neva Isiyoamrisha Kidole

Msomaji mmoja anauliza kwa niaba ya mama yake, fundi cherehani. Kifundo cha mkono wake wa kulia kimechakaa, vidonge vya maumivu vimeanza kumchoma tumbo, na daktari wa mifupa amependekeza kukata "mishipa miwili". Je, mkono hautapooza?

Hautapooza. Tatizo ni hilo jina: mshipa kwetu ni wa damu, ni wa fahamu, na kwa wengine hata kano ni mshipa. Kinachokatwa hapa ni neva, basi tuseme neva.

Habari za gegedu kulika na mfupa kusuguana na mfupa mnazijua kwa magoti ya wazazi wenu, sizirudii. Nataka tuitazame neva ya upande wa nyuma wa mkono, maana safari yake ni tamu kuifuatilia.

Ichukulie kama daladala. Inatoka kwenye kiwiko imejaza, na abiria wengi ni nyuzi zinazobeba amri. Kituo cha kwanza zinashuka za msuli unaogeuza kiganja kitazame juu. Mbele kidogo zinashuka za misuli inayonyoosha vidole, halafu za kidole gumba, na karibu na mwisho za kidole cha shahada. Gari linapofika kwenye kifundo halina hata amri moja. Zilizobaki ni nyuzi ambazo kazi yake iko kwenye safari ya kurudi: kuzoa malalamiko ya kiungo na kuyapandisha hadi uti wa mgongo, na kutoka huko hadi ubongo. Daktari hafungi njia nzima. Anafuta kipande cha mwisho tu, ambako hakuna msuli unaosubiri abiria. Vituo vya nyuma vinaendelea na shughuli zao, wala havina habari.

Mkato wenyewe ni mfupi, kama sentimita 3, nyuma ya mkono, juu kidogo ya kifundo. Kano za vidole zinasogezwa kando, na chini yake inaonekana neva nyembamba, nyeupe, imelalia utando unaounganisha mifupa miwili ya mkono. Haikatwi tu, kipande kizima kinaondolewa ili ncha zisije zikaungana tena. Kisha utando unatobolewa, na upande wa pili ipo neva ya pili, ambayo mpasuaji hujitahidi kuikata baada ya tawi la msuli wake wa mwisho. Njia hii ya mkato mmoja aliieleza Mmarekani Richard Berger mwaka 1998. Kabla yake Mjerumani Albrecht Wilhelm, aliyeandika mwaka 1966, aliyafuata matawi yote yanayoingia kwenye kiungo, kwa mikato kadhaa.

Njia nyingine ya siku nyingi ni kukifunga kiungo kwa bamba la chuma na skrubu. Maumivu hupungua sana, lakini kifundo hakikunjiki tena, na fundi cherehani anakihitaji kikunjike kila anapogeuza kitambaa.

Gegedu haliponi kwa kukata neva, na kwa baadhi ya watu maumivu hurudi baada ya miaka.

Mama aulizie kwanza sindano ya majaribio. Daktari anazitia ganzi neva hizo mbili, kisha anampa mgonjwa kitu akamue. Akikamua bila kukunja uso, wana cha kuzungumza.