Mtu wa Chukudu Aendaye Mwenyewe

Apitaye njia za Cyanzarwe wakati wa likizo hakosi kumwona mtoto akikimbia nyuma ya baiskeli ya waya. Baiskeli yenyewe yaweza kutiwa mfukoni, na juu yake ameketi mtu mdogo wa waya vilevile. Mtoto ameshika ufito mrefu, asukuma, na kila magurudumu yabiringikapo miguu ya yule mpanda baiskeli hupanda na kushuka kama ya mtu anayekwea mlima. Wengi wetu tulicheza na kitu cha namna hiyo kabla ya kujua kusoma.

Lakini mtoto akichoka akauacha ufito, mtu wa waya naye huchoka papo hapo. Je, twaweza kumfanya aendelee na safari mkono ukishaondoka? Twaweza, kwa msaada wa kamani, yaani ule utepe wa chuma cha pua uliozungushwa ndani ya saa za zamani. Nataka kueleza jinsi mwanasesere wa kamani anavyobuniwa, na kwa mfano sitamchukua nyani mpiga ngoma wala askari, ambao maduka yamejaa wao. Nitamchukua mtu tunayemjua sote huku mpakani: msukuma chukudu, yule apigaye goti moja juu ya ubao, na kwa mguu wa pili akaisukuma ardhi, huku gunia la viazi liko mbele yake.

Kwanza tuitazame tena baiskeli ya waya. Watazamaji hudhani kwamba miguu ya mtu yule ndiyo inayozungusha magurudumu. Sivyo, magurudumu ndiyo yanayoichezesha miguu. Mtoto ameukunja mhimili wa magurudumu mfano wa kiwiko cha mkono, akaifunga miguu penye kiwiko hicho, basi mhimili ukizunguka miguu haina budi kufuata. Hii ndiyo siri ya kwanza ya wanasesere karibu wote wa mashine: kile kinachoonekana kufanya kazi ndicho kinachofanyiwa kazi. Msukuma chukudu wetu hataisukuma ardhi hata kidogo. Nguvu itatoka ndani ya gunia la viazi, maana humo ndimo tutakamoificha kamani.

Kamani ni nini? Chukua kipande cha waya laini wa kufungia ua ukikunje, kitabaki kimekunjika. Sasa chukua ubavu wa mwavuli mbovu ukipinde kidogo kisha uachie, utarudi ulivyokuwa. Waya ule husahau kazi ya mkono wako, lakini ubavu wa mwavuli huiweka na kuirudisha. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni ya jambo hili: ukiivuta kamani mara mbili, nayo hukuvuta mara mbili, maadamu hujapita kiasi chake. Kwa hiyo kamani haina nguvu yake yenyewe. Ni akiba. Hutoa kile tu ilichopewa na vidole vilivyotia ufunguo, tena pungufu kidogo.

Kamani ina makosa mawili. La kwanza, ikiachiliwa hutaka kutumia akiba yake yote kwa mara moja. La pili, mwanzoni huwa na nguvu nyingi na mwishoni hulegea. Kwa sababu hiyo, kazi kubwa ya mbunifu ni kuizuia nguvu, kuigawa na kuituma kwa kipimo. Ana wasaidizi watatu.

Msaidizi wa kwanza ni gurudumu lenye meno ya mshazari kama ya msumeno, na kiulimi kidogo cha chuma kilicholala juu yake. Ukitia ufunguo, kiulimi huruka jino baada ya jino, na ule mlio wa trrr unaousikia ni mlio wake. Ukiuachia ufunguo, kiulimi hunasa jino, na kamani haiwezi tena kurudi kwa njia iliyojia. Yalazimika kupitia magurudumu ya mashine, yaani kufanya kazi.

Wa pili ni magurudumu ya meno yenyewe. Gurudumu la meno 40 likisukuma dogo la meno 10, dogo huzunguka mara 4 kila kubwa lizungukapo mara moja. Kasi imeongezeka mara 4, lakini nguvu ya kuzungusha imepungua kuwa robo. Hakuna cha bure. Wanasesere wengi hushindwa kwenda kwa sababu mtengenezaji alitamani kasi, akasahau kwamba aliilipia kwa nguvu.

Wa tatu ni upepo. Katika visanduku vya muziki na katika wanasesere wengi, mhimili ulio wa mwisho na wenye mbio kuliko yote huwekewa vibawa viwili vidogo vya bati. Vikizunguka hupiga hewa, na hewa huvipinga. Kasi ikizidi mara mbili, upinzani huzidi karibu mara nne. Hivyo kamani inapotaka kukimbia mno mwanzoni, hewa huishika; inapolegea, hewa nayo hulegeza. Fundi mwangalifu huongeza jambo jingine: hatumii mizunguko yote ya kamani. Huacha ile ya kwanza yenye ukali na ile ya mwisho yenye udhaifu, akatumia ya katikati.

Basi tumbuni mtu wetu. Mwanafunzi mwenye haraka huanza na kamani, kisha akatafuta la kuifanyia. Afadhali kuanza mwisho na kurudi nyuma: je, twataka mguu uende vipi, na chukudu ifike wapi?

Tuseme magurudumu ya chukudu yana kipenyo cha sentimita 4. Mzunguko mmoja utayapeleka mbele kiasi cha sentimita 12 na nusu. Tuseme ufunguo huzungushwa mara 4. Mhimili wa kamani una gurudumu la meno 40 linalosukuma la meno 10 katika mhimili wa kati. Mhimili wa kati una gurudumu la meno 30 linalosukuma la meno 10 katika mhimili wa magurudumu ya nyuma. Nne mara tatu ni 12. Kwa hiyo mizunguko 4 ya ufunguo huzaa mizunguko 48 ya magurudumu, na chukudu husafiri kiasi cha mita 6, takribani kutoka ukutani hadi ukutani katika chumba kidogo cha darasa. Nguvu imepungua mara 12, na sehemu yake huliwa na msuguano. Kwa hiyo mwili wa mtu na uwe wa mti mwepesi, na mihimili itiwe tone la mafuta.

Sasa mguu. Tukiufunga penye mhimili wa magurudumu, utapiga mateke 48 katika mita 6, kama mtu aliyevamiwa na siafu. Msukuma chukudu wa kweli husukuma, akaiacha chukudu iteleze, kisha akasukuma tena. Kwa hiyo tuuchukue mwendo wa mguu kutoka mhimili wa kati, ambao huzunguka mara 16 tu. Teke moja kwa kila mizunguko mitatu ya gurudumu. Huo ni mwendo wa heshima.

Lakini hapa pana mtego. Magurudumu mawili ya meno yakisukumana, moja huzunguka kulia na la pili kushoto. Mhimili wa kati, basi, wazunguka kinyume cha magurudumu ya chukudu. Tukiufunga mguu hapo, unyayo utashuka chini wakati unakwenda mbele, na kuinuka wakati unarudi nyuma. Mtu wetu ataonekana anapiga breki huku chukudu yake ikienda! Dawa yake ni rahisi. Weka gurudumu jingine la meno 30, lisukumwe na lile la 30 la mhimili wa kati. Kwa kuwa meno ni sawa, kasi haibadiliki. Upande tu ndio unaogeuka. Kiwiko kikunjwe katika mhimili wa gurudumu hili jipya.

Paja lisifungwe nyongani kwa pini ya kukaza, bali lipewe tundu refu ili liweze kuteleza juu na chini. Kiwiko kiwe na urefu wa milimita 5, nacho kishikane na mguu sentimita 3 chini ya nyonga. Pale kiliposhikana, mguu utakwenda mbele na nyuma kwa sentimita 1. Unyayo, ulio sentimita 6 kutoka nyonga, utakwenda kiasi cha sentimita 2, na kila unaporudi mbele utajiinua juu ya ardhi. Huyo sasa ni msukuma chukudu.

Limebaki jambo la kusimama. Chukudu ya kweli ina magurudumu mawili, na haianguki kwa sababu mwenyewe hujua kuilinganisha. Mtu wa mti hajui. Kwa hiyo nyuma tuweke magurudumu mawili yaliyokaribiana, yaonekane kama moja, na sanduku la kamani liwe chini kabisa ndani ya gunia, maana uzito uliokaa chini ndio unaozuia kuanguka.

Tukitaka ageuze na kichwa mara kwa mara, twahitaji kisahani chenye nundu. Kisahani kikizunguka, nundu hukiinua kijiti kinachogeuza shingo. Nundu ikipita, kijiti hushuka. Umbo la kisahani ndilo kumbukumbu ya mashine. Fundi saa wa Uswisi, Pierre Jaquet-Droz, pamoja na wenzake, alionyesha mwaka 1774 mtoto wa kamani anayechovya unyoya katika wino na kuandika maneno ya herufi hadi 40, yote kwa visahani vilivyopangwa mgongoni mwake. Mtoto huyo yungali katika makumbusho ya Neuchâtel, na angali anaandika.

Huenda msomaji akasema, "Uswisi wana chuma, sisi tutapata wapi?" Na atazame Japani. Mwaka 1796 kilichapishwa huko kitabu cha Hosokawa Hanzo Yorinao kilichoeleza, kwa michoro, namna ya kutengeneza mwanasesere anayewapelekea wageni chai. Ukimwekea kikombe katika sinia yake, hutembea hadi kwa mgeni. Mgeni akikiinua, husimama. Akikirudisha, huondoka nacho. Magurudumu yake yalikuwa ya mti, na kamani haikuwa chuma, bali ule utando mgumu unaopatikana katika kinywa cha nyangumi. Walitumia kilichopatikana kwao.

Kwetu kinapatikana nini? Saa ya zamani ya mezani iliyokufa ina kamani mbili, moja ya kuendesha mishale na moja ya kugonga kengele, na hii ya kengele yafaa sana kwa kazi yetu. Vigari vya kuchezea vya plastiki, vile vinavyovutwa nyuma vikaachiwa, vina kamani ndogo na magurudumu ya meno tayari. Vikivunjika kioo au mlango hutupwa, ingawa moyo wake ni mzima. Bati lipo katika makopo, mihimili katika spoki za baiskeli, na mipira ya magurudumu katika ndala kuukuu.

Onyo moja: kamani iliyojazwa ni mtego. Usifungue kamwe sanduku lake kabla ya kuimaliza nguvu. Shika ufunguo kwa nguvu, inua kiulimi, uuache ufunguo urudi polepole vidoleni mwako hadi utulie. Utepe wa chuma ukiruka ghafula hukata mkono, na waweza kutoa jicho.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya watoto tu. Mwaka 1991 Mwingereza Trevor Baylis alitazama katika televisheni habari za UKIMWI barani Afrika, akasikia kwamba mafunzo hayawafikii watu wengi kwa kukosa umeme na fedha za betri. Alikwenda katika karakana yake akaunganisha redio ndogo, mota ya umeme iliyotoka katika kigari cha kuchezea, na mashine ya kamani ya kisanduku cha muziki. Kamani ikaizungusha mota, mota ikazaa umeme, na redio ikasema. Redio iliyozaliwa kwa jaribio hilo ilitengenezwa Afrika Kusini na kuuzwa nchi nyingi. Baylis alifariki mwaka 2018. Vitu alivyovitumia siku ile vyaweza kupatikana katika sanduku la vitu vibovu la nyumba yoyote hapa kwetu. Kilichokuwa adimu ni kujua kila kimoja kinafanya nini ndani.

Basi, ewe mwanafunzi, kigari cha mdogo wako kikivunjika, usikitupe, wala usikivunje zaidi kwa hasira. Kifungue taratibu, uhesabu meno ya kila gurudumu, uandike, uchore. Nanyi wazee wetu mliosoma zamani, kama iko saa iliyokufa juu ya kabati, mpeni kijana aifungue. Huenda asiweze kuifufua. Lakini siku moja mtu wa chukudu atavuka sakafu ya darasa, mita 6, na mkono wa mtu haumgusi.