Kocha akiondoka, bili inabaki

Kocha wa Simba au Yanga, klabu za soka za Dar es Salaam, akiondoka, gumzo haliishii Kariakoo. Linavuka mto Ruvuma na kushuka pwani ya Cabo Delgado, Msumbiji, mpaka visiwa vilivyo mbele ya Palma, Rongui kikiwemo. Huku watu wanazungumza Kimwani na Kiswahili, na Dar es Salaam iko karibu kuliko Maputo. Vijiweni swali ni moja: anakuja nani? Yanatajwa majina ya Wareno, Wafaransa, Waafrika Kusini, na kila mmoja ana mtetezi wake. Swali la pesa huulizwa mara chache. Kuondoka huko kumegharimu kiasi gani, na nani atalipa?

Ni swali zito, kwa sababu biashara ya makocha Afrika Mashariki imekua haraka kuliko utaratibu wa kuisimamia. Kati ya Novemba 2024 na Oktoba 2025, benchi la Yanga lilikaliwa na makocha wakuu watano. Miguel Gamondi alitimuliwa baada ya vipigo viwili mfululizo vya ligi kutoka kwa Azam na Tabora United. Akaja Sead Ramovic, aliyedumu chini ya miezi mitatu. Akafuata Miloud Hamdi, kisha Romain Folz, ambaye kibarua chake kiliota nyasi baada ya kufungwa 1-0 na Silver Strikers nchini Malawi. Wa tano ni Pedro Gonçalves, aliyewahi kuinoa Angola. Upande wa Simba, huko Msimbazi, mwaka 2025 pekee ulipitisha Fadlu Davids, Dimitar Pantev na, kabla mwaka haujaisha, Steve Barker.

Fedha zilizofungua mlango

Klabu hizi hazikuwa na ubavu wa kununua makocha kwa kasi hiyo miaka kumi na tano iliyopita. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) mkataba wa haki za matangazo wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mwaka uliofuata Simba ilipata udhamini wa M-Bet wa shilingi bilioni 26.1 kwa miaka mitano, na Yanga ikapata wa SportPesa wa shilingi bilioni 12.33 kwa miaka mitatu. Juu ya hapo kuna zawadi za Shirikisho la Soka Afrika (CAF). Kwa viwango vya msimu wa 2024/25, kufika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa kulikuwa na thamani ya dola 700,000, na robo fainali dola 900,000. Simba ilipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane mwezi Mei 2025, hata kwa kushindwa ilijihakikishia dola milioni moja.

Hapo ndipo kocha anapogeuka kuwa uamuzi wa uwekezaji. Msimu wa 2023/24, chini ya Gamondi, Yanga ilifika robo fainali na kutolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti. Msimu uliofuata ilimbadili kocha siku chache kabla ya makundi kuanza. Ramovic, ambaye alikuwa hajawazoea hata wachezaji wake, akapoteza mechi mbili za kwanza, dhidi ya Al Hilal jijini Dar es Salaam na MC Alger ugenini, zote 2-0. Yanga ikamaliza ya tatu na kuishia hapo. Kati ya kuishia makundi na kufika robo fainali kulikuwa na pengo la dola 200,000. Si haki kumbebesha mtu mmoja pengo lote, lakini pointi za mwanzo wa makundi ndizo zinazouma mwishoni.

Wapo wanaosema kocha si hoja, kwani msimu huo huo Yanga ilitwaa ubingwa wa ligi na Kombe la Shirikisho la ndani ikiwa imepitia mikono ya makocha watatu. Hoja hiyo ina ukweli kwa mechi za nyumbani, ambako kikosi chenye nyota wengi huwalemea wapinzani wengi. Kwenye mashindano ya Afrika, ambako fedha za kigeni zinapatikana, wapinzani nao wana nyota, na mpangilio wa kocha unaonekana kila dakika.

Ngazi ya kwenda Kaskazini

Kutimuliwa ni nusu tu ya biashara. Nusu nyingine ni kuchukuliwa. Tarehe 6 Januari 2021 Simba iliichapa FC Platinum ya Zimbabwe 4-0 na kutinga hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Kesho yake mashabiki wakiwa bado wanasherehekea, zikaja habari kwamba kocha Sven Vandenbroeck ameondoka. Muda mfupi baadaye akatua AS FAR ya Rabat. Mwaka 2023 Nasreddine Nabi, aliyeipa Yanga mataji mawili ya ligi na fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, alielekea klabu hiyo hiyo. Ramovic alikwenda CR Belouizdad ya Algeria. Hamdi alikwenda Ismaily ya Misri. Septemba 2025 Davids aliondoka kwenda Raja Casablanca, na wasaidizi wake wakaondoka naye, Simba ikiwa katikati ya mechi mbili za awali dhidi ya Gaborone United.

Orodha hiyo ni sifa. Klabu za Maghreb na Misri hazichukui kocha asiye na kazi ya kuonekana, na Dar es Salaam sasa ni mahali pa kujijengea jina. Lakini sifa hiyo haijageuzwa kuwa mapato yanayolingana nayo. Mwaka 2021 Al Ahly ilipomtaka Luís Miquissone, winga wa Msumbiji aliyekuwa kipenzi cha Simba, ilibidi ilipe ada ya uhamisho. Hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa thamani ya mchezaji huandikwa kwenye vitabu. Kocha mwenye mkataba hai naye ana thamani, ila klabu inaipata tu ikiwa iliandika kifungu cha fidia siku ya kusaini.

Ukitazama namna warithi wanavyopatikana, unaona haraka ilivyotawala. Pantev alitoka Gaborone United, timu ambayo Simba ilikuwa imetoka kuitoa, naye akadumu takribani miezi miwili. Barker alitoka Stellenbosch, ambayo Simba iliitoa nusu fainali ya Kombe la Shirikisho miezi michache kabla. Kumchukua mpinzani uliyemwona kwa macho si kosa. Klabu kubwa, hata hivyo, inapaswa kuwa na orodha ya warithi iliyofanyiwa kazi mwaka mzima, kama inavyofanya kwa washambuliaji.

Sheria inasema nini

Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zina sehemu mahususi ya ajira za makocha. Mkataba ukivunjwa bila sababu ya msingi, fidia ya kocha huanzia kwenye mishahara iliyobaki hadi mwisho wa mkataba. Akipata kazi mpya, kipato cha kazi hiyo kwa kipindi hicho hukatwa kwenye fidia. Klabu isiyolipa ndani ya muda iliopewa inaweza kufungiwa kusajili wachezaji. Kwa hiyo kelele za "atimuliwe leo" zina gharama mbili: mshahara wa anayeondoka na mshahara wa anayeingia, zote kwa kazi moja.

Kuna gharama ya tatu isiyoonekana. Gamondi, aliyetupiwa virago na Yanga, baadaye alikwenda Singida Black Stars, kisha akakabidhiwa timu ya taifa ya Tanzania, Taifa Stars, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2025. Akaifikisha hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia ya timu hiyo. Ujuzi ambao Yanga iliugharamia uliwanufaisha wengine.

Wazawa na mfano wa Mambas

Septemba 2022, Zoran Maki alipoondoka Simba, klabu ilimwita Juma Mgunda kutoka Coastal Union. Mgunda aliitoa Nyasa Big Bullets, kisha Primeiro de Agosto kwa ushindi wa 3-1 mjini Luanda na 1-0 nyumbani, Simba ikaingia makundi. Januari 2023 akaletwa Roberto Oliveira na Mgunda akarudishwa nafasi ya pili. Aprili 2024, Abdelhak Benchikha alipoondoka, Mgunda akaitwa tena kuziba pengo. Kocha mzawa anaaminiwa nyumba ikiungua, na anasogezwa pembeni moto ukizimika. Biashara inayotaka kupunguza gharama ingewalipia wazawa masomo ya leseni za juu za CAF na kuwapa mikataba ya miaka kadhaa, maana kila kocha wa kigeni anayeletwa kwa dharura ni fedha za kigeni zinazotoka.

Msumbiji imeonyesha faida ya kuvumilia. Chiquinho Conde, mwana wa Beira aliyewahi kuichezea timu ya taifa, Mambas, alikabidhiwa kuifundisha Oktoba 2021. Mwaka 2024 mustakabali wake ulijadiliwa nchi nzima, naye akabaki. Desemba 2025 Mambas waliifunga Gabon 3-2, ushindi wao wa kwanza katika fainali za AFCON tangu washiriki kwa mara ya kwanza mwaka 1986, na wakafika 16 bora. Timu ya taifa si klabu, lakini hesabu ya uvumilivu ni ile ile.

Wanachama wa Simba na Yanga, ambao kwa mfumo wa Tanzania wanatakiwa kumiliki asilimia 51 ya klabu, wanayo haki ya kudai majibu kwenye mkutano mkuu. Waulize mkataba wa kocha una kifungu gani cha fidia akichukuliwa katikati ya msimu. Waulize ni wataalamu gani wa benchi la ufundi wameajiriwa na klabu yenyewe, ili kocha asiondoke na kumbukumbu zote za kazi. Waulize mwaka uliopita klabu ililipa shilingi ngapi kwa makocha ambao hawapo tena. Shabiki wa Rongui anayenunua jezi naye yumo katika hesabu hiyo, na anastahili kuiona kabla ya kutajiwa jina la kocha mpya.