Leso ya Mama Ilikuwa Rangi Gani?

Msomaji, nyumbani kwetu Mombasa mna picha moja tu ya marehemu baba. Mzee wetu alikuwa katika wale wasiopenda kupigwa picha, akisema sura ya mja haina haja ya kutundikwa ukutani, na sijui nani alimshawishi siku ile. Amesimama mlangoni mwa duka alimokuwa akishona nguo huko Nyamache, bara ya Kisii, mwaka 1966. Mama yu kando yake, amejitanda leso. Nyuma yao ni shamba. Yote hayo ni meusi na meupe.

Mama alipofariki mwaka jana, dada yangu mkubwa akataka picha ile itiwe rangi apate kuwaonyesha wajukuu. Mafundi wa kazi hiyo hawakosi Mombasa, lakini mimi nilikuwa na safari ya Kisii, nikaona heri niipeleke ilikozaliwa.

Nyamache ni vilima vya chai na migomba, na baridi yake ya asubuhi si ya mtu wa pwani. Sokoni nilimkuta kijana mwenye kompyuta, apigaye picha za vitambulisho na kusafisha picha kuukuu. Akaipokea ile yangu kwa mikono miwili.

Kutia rangi picha si jambo la leo. Katika miaka ya 1860, studio ya Felice Beato huko Yokohama, Japani, ilikuwa ikiuza picha zilizopakwa rangi kwa mkono, moja moja. Siku hizi burashi imo ndani ya kompyuta. Kijana huyu huiingiza picha kwa skana, hufuta mikwaruzo, kisha hutandaza juu yake tabaka jingine, mfano wa karatasi ya nailoni. Tabaka hilo huamriwa litoe rangi tu. Mwanga na kivuli hubaki vile vile vya asili. Ndiyo maana mikunjo ya nguo haipotei. Tena uso una tabaka lake, kanzu lake, mlango lake, ili kimoja kikikosewa kingine kisiguswe.

Kwanza lakini alinionyesha njia ya mkato. Photoshop, programu iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, tangu mwaka 2020 ina kitufe kitiacho rangi chenyewe. Akabonyeza. Lo! Udongo ukawa mchanga, utadhani baba amesimama Nyali. Shamba likawa majani matupu. Leso ya mama ikawa zambarau iliyochujuka.

"Inakisia tu, mzee," akaniambia.

Waama inakisia. Filamu ya nyeusi na nyeupe huhifadhi kiasi cha mwanga, haihifadhi rangi; nyekundu na kijani zaweza kuangukia kijivu kile kile kimoja. Mashine imefundishwa kwa picha chungu nzima, na isipojua hushika katikati ya yote iliyowahi kuyaona, ndipo ikapenda sana hudhurungi na rangi zilizopauka. Kukisia si kosa. Kosa ni kwamba haisemi kuwa yakisia. Chuoni tulipokuwa wadogo, mwalimu wetu alimheshimu mtoto asemaye "sijui" kuliko abuniye herufi.

Na binadamu naye hubuni. Mwaka 2021 jarida la Vice lilitoa picha zilizotiwa rangi za wafungwa wa Tuol Sleng, gereza la mauti la Kambodia, na nyuso nyingine zilikuwa zimegeuzwa zikatabasamu. Wizara ya Utamaduni ya nchi hiyo ikalalamika, na picha zikaondolewa. Watu wale walikuwa wakingoja kuuawa!

Basi nikamwambia kijana, tutafute shahidi. Akaniletea bibi mmoja, omongina kama waitwavyo kwa heshima huko, aliyekuwa akiuza ndizi mkabala wa duka la baba alipokuwa msichana. Akaikamata picha, akaisogeza jichoni, akacheka. "Fundi Mswahili!" Udongo, akasema, ni huu huu tunaoukanyaga, mwekundu. Mlango ulikuwa kijani. Shamba lile si majani, ni pareto: maua meupe yenye moyo wa manjano. Na kanzu ya fundi, msimu wa mvua, haikuwa nyeupe chini hata siku moja.

Na leso?

"Nyekundu. Mama yako akiianika uani, naiona toka kule mlimani."

Nikampigia dada simu. Dada akaapa kuwa leso ni buluu, ndiyo aliyobebewa mgongoni, aijua hata harufu yake. Nikamrudia bibi, naye hakutetereka. Labda zilikuwa mbili, au wawili hawa mmoja umri umemchanganya. Mimi sikuwa nimezaliwa, sina la kusema.

Kijana akaniuliza atie ipi. Nikamwambia tia udongo, tia mlango, tia maua moja moja, na nyuso uzipake kwa kunitazama mimi. Leso iache kijivu. Akashangaa, lakini akafanya. Kazi ile ilimchukua siku mbili.

Nilipoifikisha picha Mombasa, dada aliitazama kitambo kirefu. Habari ya leso hakuigusa.

"Mbona upindo wa kanzu ya baba ni mwekundu?" akaniuliza. "Hukumwambia huyo fundi wako aisafishe?"

Nikamwambia hiyo ni mvua ya Nyamache.