Mtoto Anayekumbuka Kifo Chake

Mtoto wa miaka mitatu anawaambia wazazi wake kwamba kwao hasa ni kijiji cha ng'ambo, ana mke huko, na alikufa kwa risasi. Kwa Wadruze wa Lebanon kauli hiyo haimshtui mtu, kwani dini yao inafundisha kwamba roho ikitoka katika mwili mmoja huingia papo hapo katika mwili wa mtoto anayezaliwa. Aliyeamua kuzichunguza kauli za namna hii kama daktari anavyochunguza dalili ni Ian Stevenson, bingwa wa magonjwa ya akili katika Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Mwaka 1966 alichapisha kitabu cha visa 20. Alipofariki 2007, mafaili yalikuwa yamefika takriban 2,500, kutoka India, Sri Lanka, Burma, Uturuki na kwingineko.

Visa hivyo vinafanana. Mtoto huanza kusema akiwa na miaka miwili hadi minne, na akifika saba au nane huwa amesahau. Marehemu anayetajwa mara nyingi alikufa ghafla au kwa kuuawa.

Stevenson hakuwa tapeli. Alisafiri mwenyewe, akahoji mashahidi, akarudi kuwahoji tena. Ninachokitilia shaka ni tarehe. Mara nyingi alifika wakati familia ya mtoto na ya marehemu zimeshakutana, zimeshalia pamoja na kusimuliana. Mama anayesema mwanawe alilitaja jina la marehemu kabla ya familia hizo kukutana hadanganyi, ndivyo anavyokumbuka. Lakini kumbukumbu hujengwa upya kila inaposimuliwa, na tuliyoyajua jana hujipenyeza katika ya mwaka juzi. Visa ambavyo maneno ya mtoto yaliandikwa kabla ya marehemu kutambuliwa ni vichache mno. Hivyo ndivyo vya kujadiliwa.

Kisha kuna mila. Wadruze hawakubali kwamba mwanamume anaweza kurudi akiwa mwanamke, na visa vya aina hiyo havikupatikana kwao. Burma, ambako jambo hilo linakubalika, vilipatikana kwa wingi. Mbona roho zinatii desturi za kila nchi? John Mbiti, mwanazuoni wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba jamii nyingi za Kiafrika huamini kurudi kwa sehemu tu: baadhi ya sifa za marehemu hujitokeza kwa mtoto. Ndiyo maana huku kwetu mtoto hupewa jina la babu, na hakuna anayetarajia adai ng'ombe wa babu.

Kikwazo kikubwa zaidi kwangu ni ubongo. Mwaka 1953 Henry Molaison, Mmarekani aliyeugua kifafa, alifanyiwa upasuaji ulioondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zake zote mbili, sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu. Tangu hapo hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya za matukio. Ikiwa kumbukumbu haihimili kuondolewa kwa kipande kidogo cha ubongo, itahimilije ubongo wote kuoza?

William James, mwanafalsafa wa Marekani, alitoa jibu la werevu katika mhadhara wa Harvard mnamo 1897: huenda ubongo hautengenezi fahamu, unaipitisha tu. Kwa lugha ya leo, redio ikivunjika, mtangazaji hajafa. Ninaliheshimu jibu hilo, ila redio mbovu hukwaruza sauti. Haimfanyi mtangazaji asahau habari aliyoisoma dakika tano zilizopita.

Stevenson mwenyewe alijua udhaifu wa ushahidi wa kukusanywa baadaye. Katika miaka ya 1960 alifunga kufuli la namba, akaficha siri ya kulifungua kichwani mwake, akaliweka katika kabati la mafaili. Akifa, alisema, atajaribu kuwapelekea wenzake namba hizo. Hakuna aliyetangaza kulifungua. Hilo halithibitishi kwamba Stevenson hayupo popote, maana jaribio lile lingeweza kushinda lakini lisingeweza kushindwa. Hata hivyo, kwa usafi wa utaratibu, linavizidi visa vyake vingi: jibu liliwekwa kwanza, kabla ya swali.